Kitaliana kwa Njia ya Soko, Chungu na Safari

Katika miji ya Malindi na Watamu, na katika vijiji vya pwani ya mashariki ya Unguja, imo lugha moja ya Ulaya ambayo vijana wengi waisema bila ya kukaa darasani hata siku moja. Lugha hiyo ni Kitaliana. Wataliana walifika Ngomeni, kaskazini ya Malindi, katika miaka ya 1960, wakajenga baharini kituo chao cha kurushia vyombo vya angani; na baada yao wakaja wengine kwa kupumzika, na wengine wakajenga nyumba wakakaa. Vijana wetu wakaisikia lugha, wakaishika, wakaifanya chombo cha kutafutia riziki.

Juu ya jambo hili twasikia maneno ya namna mbili katika nyumba zetu. Wako wazazi wasemao kwamba Kitaliana ni lugha ya ufukoni, haina ndani yake ila upuuzi na kupotea, na afadhali mtoto asiijue. Na wako vijana wasemao kwamba maadamu maneno mia mbili yatosha kumwuzia mgeni kinyago au kumpeleka baharini, hapana haja ya kujisumbua zaidi. Sisi twaona kwamba pande zote mbili zimeitazama lugha hii kwa jicho moja tu. Mzazi akataa mlango asioujua waelekea wapi, na kijana asimama mlangoni miaka kumi bila ya kuingia ndani.

Kujifunza lugha ya watu wengine si jambo geni katika dini yetu. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimwamrisha Zaid bin Thabit ajifunze maandishi ya Mayahudi ili asiwategemee wengine katika kusoma na kuandika barua; na Zaid akajifunza kwa muda mfupi. Basi swali halikuwa kamwe, je, yafaa kujifunza? Swali ni hili: tutajifunza kwa njia gani, na kwa makusudio gani?

Maneno yaliyotangulia kutufikia

Mwenye kuanza Kitaliana hudhani kwamba aingia katika nyumba ya kigeni kabisa. Walakini akifungua jiko na duka la Mtaliana atakuta jamaa zake wa zamani wamekaa humo. Sukari kwao ni *zucchero*. Zafarani ni *zafferano*. Kahawa ni *caffè*. Ndimu na limau ni za ukoo mmoja na *limone* yao. Bilingani, wao huliita *melanzana*, nalo ni ndugu wa mbali, kwani asili ya maneno yote mawili yarudi kwa Waajemi na Waarabu. Zabibu twaisikia katika *zibibbo*, jina la zabibu tamu za Sicily na kisiwa cha Pantelleria. Kikombe ni *tazza*, nalo ni lile tasa letu. Sifuri imekuwa *zero*, amiri amekuwa *ammiraglio*, yaani mkuu wa manowari. Na kutoka katika neno diwani wamepata *dogana*, mahali pa kulipia ushuru. Hata maskini yumo, kwani *meschino* ni neno hilo hilo. Ila siku hizi wao hulitumia zaidi kwa mtu mwenye roho ndogo.

Maneno haya hayakuruka hewani. Mwaka 827 jeshi la Waislamu kutoka Kairawani lilishuka Mazara, katika kisiwa cha Sicily, likiongozwa na Asad bin al-Furat, kadhi na mwanachuoni wa fikihi. Mji wa Palermo ulitwaliwa mwaka 831, na kwa zaidi ya karne mbili kisiwa kile kilikuwa nchi ya Kiislamu. Watu wake walichimba mifereji ya maji, wakapanda miwa, milimau na pamba. Msafiri Ibn Hauqal alipofika Palermo mwaka 973 aliandika kwamba mji ule una misikiti zaidi ya mia tatu. Na Imamu al-Mazari, aliyeisherehesha Sahihi ya Muslim na kufariki mwaka 1141, nisba yake ni ya mji ule ule wa Mazara.

Wanormani waliiteka Palermo mwaka 1072, na ngome ya mwisho ikaanguka mwaka 1091. Hata hivyo elimu haikukatika mara moja. Mfalme Roger wa Pili alimweka katika jumba lake al-Idrisi, naye al-Idrisi akamtungia kitabu kikubwa cha jiografia, kilichotimia mwaka 1154. Katika kitabu hicho ametaja kijiji cha Trabia, karibu na Palermo, ambako watu walitengeneza *itriya*, yaani tambi kavu, nyingi mno hata wakazipakia katika vyombo na kuzipeleka nchi za Waislamu na nchi za Wakristo. Basi yule asemaye kwamba tambi ni chakula kisichotuhusu na afikiri tena.

Na hesabu pia ilipita njia hiyo ya biashara. Leonardo wa Pisa, ajulikanaye kwa jina la Fibonacci, alijifunza tarakimu za Kihindi na Kiarabu katika bandari ya Bijaya, pwani ya Algeria, ambako baba yake alikuwa akisimamia shughuli za wafanya biashara wa Pisa. Mwaka 1202 akatoa kitabu chake cha hesabu, na kwa kitabu hicho sifuri ikaingia madukani mwa Wataliana.

Sikio la mwenye kusoma Kurani

Yako mambo matatu ambayo Mswahili, na zaidi Mswahili aliyepita chuoni, amekwisha kuyapata kabla ya kufungua kitabu cha Kitaliana.

La kwanza ni sauti. Maneno mengi ya Kitaliana huishia kwa vokali kama yetu, na irabu zao huandikwa kwa herufi zile zile tano. Lililobaki ni kujua kanuni chache za maandishi: *c* mbele ya *e* au *i* husomwa kama *ch* yetu, hivi kwamba *cento*, yaani mia, ni “chento”, lakini *che* husomwa “ke”. *Gn* ni *ny* yetu. *Pesce*, yaani samaki, ni “peshe”. Na *h* haisikiki.

La pili ni shadda. Wazungu wengi wajifunzao Kitaliana husumbuka kwa herufi zinazokaririwa, lakini mtoto aliyefundishwa na mwalimu wake kutimiza shadda katika kusoma Kurani hana udhuru. *Sete* ni kiu, na *sette* ni saba. *Casa* ni nyumba, na *cassa* ni sanduku au mahali pa kulipia. *Capello* ni unywele, na *cappello* ni kofia. *Nono* ni wa tisa, na *nonno* ni babu. Mwenye kupunguza shadda amwita babu yake kwa namba.

La tatu ni mapatano ya maneno. Sisi twasema kitabu kipya, vitabu vipya. Wao husema *libro nuovo*, *libri nuovi*. Sisi twabadilisha mwanzo wa neno, wao hubadilisha mwisho, lakini akili ya kazi ni moja: sifa lazima ifuate jina. Kadhalika mtendaji hujulikana ndani ya kitendo. *Parlo* ni nasema, *parli* ni wasema, *parliamo* ni twasema. Na aliyesoma nahau ya Kiarabu hatashangaa kuambiwa kwamba majina yamegawanyika kuwa ya kiume na ya kike.

Wala mtu asidhani kwamba Wataliana wote walizaliwa na lugha hii vinywani. Kila upande wa nchi yao una lahaja yake: watu wa Napoli, wa Venezia na wa Sicily husema mbalimbali, kama vile Kiamu na Kimvita vilivyo mbali na Kiunguja. Kitaliana cha vitabuni kimejengwa juu ya usemi wa Firenze, mji wa mshairi Dante aliyekufa mwaka 1321. Baada ya nchi kuungana mwaka 1861 ilichukua miaka mingi watu wa kawaida kukijua. Hata katika miaka ya 1960 hadi 1968, mwalimu Alberto Manzi alikuwa akiwafundisha watu wazima kusoma na kuandika katika televisheni ya taifa, kwa kipindi kilichoitwa *Non è mai troppo tardi*, maana yake, kamwe hujachelewa. Basi wazee wengi wa Kitaliana wa wakati ule walijifunza lugha hii ukubwani; itakuwaje mama wa Mombasa au Tanga aone haya kuanza akiwa na miaka arobaini?

Darasa la jikoni

Twashauri darasa la kwanza liwe jikoni, na lihudhuriwe na watu wote wa nyumba. Chukueni tambi ndefu, tungule, kitunguu saumu, mafuta ya zeituni au mafuta yoyote mazuri, chumvi, na majani ya mrehani kama yapo. Kila kitu kitajwe kwa jina lake kabla ya kuguswa: *pomodoro* ni tungule, *aglio* ni kitunguu saumu, *cipolla* ni kitunguu maji, *olio* ni mafuta, *sale* ni chumvi, *acqua* ni maji. Kisha mmoja aamrishe na mwingine atende: *taglia*, kata, *metti*, tia, *mescola*, koroga, *scola*, chuja, *assaggia*, onja. Amri iliyofuatwa na mkono haisahauliki upesi kama amri iliyoandikwa ubaoni. Na tambi zisiachwe zikarojeka. Wao hutaka zibaki na ukakamavu mdogo chini ya jino, na hiyo ndiyo maana ya *al dente*.

Mapishi haya hayako mbali nasi. Jirani zetu wa Somalia, ambao kusini ya nchi yao ilitawaliwa na Wataliana, huita tambi *baasto*, na wengi wao huzila pamoja na ndizi mbivu. Bandari zile za Benadir, na Barawa miongoni mwao, zilikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar kabla ya kukodishwa kwa Wataliana mwaka 1892 na kuuzwa mwaka 1905. Na katika mji wa Trapani, huko Sicily, hadi leo wanawake huufikicha unga kwa vidole wakafanya *cùscusu*, wakaupika kwa mvuke na kuula kwa mchuzi wa samaki, kama wafanyavyo watu wa Tunisia ng’ambo ya bahari.

Lakini hapa pana jambo ambalo kijana wa maneno mia mbili halijui, na ambalo mzazi yampasa kulijua zaidi kuliko mwingine. Mwislamu aendaye Italia bila ya lugha hawezi kujua alacho. Neno la nguruwe ni *maiale*, na mtu huweza kulihifadhi siku ya kwanza; lakini katika karatasi ya bidhaa mara nyingi huandikwa *suino*, na mafuta yake ni *strutto*, nayo hutiwa katika baadhi ya mikate na vitu vya tamu. *Prosciutto*, *pancetta* na *guanciale* zote ni nyama yake. Mchuzi wa nyama wa Bologna huitwa *ragù*, na ijapokuwa nyama yake kubwa ni ya ng’ombe, mara nyingi hutiwa *pancetta* na divai. *Risotto*, yaani wali wao, kwa kawaida hutiwa divai. *Cannoli* za Sicily, kwa desturi ya kale, ganda lake hukandwa kwa *strutto* na kwa *marsala*, nayo *marsala* ni divai. *Tiramisù* nayo mara nyingi ina kileo. Na neno *manzo* lamhakikishia mtu kwamba nyama ni ya ng’ombe, lakini halimwambii imechinjwaje.

Basi na ahifadhi maneno haya kabla ya maneno ya salamu: *Che cosa c’è dentro?* Kuna nini ndani? *C’è del vino?* Kuna divai? *Non mangio carne di maiale*, mimi sili nyama ya nguruwe. Katika miji mingi ya Italia atakuta duka lililoandikwa *macelleria islamica*, yaani bucha la Kiislamu. Na palipo na shaka, kama vile jibini na kitu kinachogandishia maziwa yake, amwulize mwanachuoni wake. Lakini hataweza hata kuuliza ikiwa hakusoma kilichoandikwa. Lugha hapa imekuwa ni chombo cha kuhifadhia dini, si cha kuipoteza.

Safari yenye macho

Si kila mtu ataweza kusafiri, wala hatumshauri mtu kuuza shamba kwa ajili ya matembezi. Lakini wapo wanaokwenda kwa masomo, kwa kazi, kwa matibabu au kwa ndoa, na hao twawaambia: msiende kama mizigo.

Mwenye kufika Palermo na aende kwanza katika soko la Ballarò asubuhi, asikilize wauzaji wanavyonadi samaki na ndimu zao. Hapo atajifunza hesabu na bei kwa saa moja kuliko kwa juma zima la kitabu. Kisha aende kulitazama jumba la Zisa, ambalo jina lake ni al-Aziza. Humo limehifadhiwa jiwe la kaburi la mwanamke mmoja Mkristo, la mwaka 1149, lililoandikwa maneno yake kwa Kilatini, kwa Kiyunani, kwa Kiarabu, na tena kwa Kiarabu cha herufi za Kiyahudi. Katika kanisa kuu la mji, kwenye ukumbi wa upande wa kusini, ipo nguzo yenye aya ya Sura al-A‘raf. Na ramani yenyewe humsomea mwenye masikio: Marsala imeanza kwa *marsa*, bandari, mto Alcantara ni *al-qantara*, daraja, na mlima Etna, mlima wa moto, wenyeji huuita pia Mongibello, yaani neno la mlima mara mbili, kwanza kwa lugha yao na tena kwa *jabal* ya Waarabu.

Akifika Roma, auone msikiti mkubwa uliofunguliwa mwaka 1995. Mmoja wa wachoraji wake ni Mtaliana, Paolo Portoghesi, na nguzo zake zimesimama kama miti iliyokutana matawi.

Na ikiwa makusudio ni kukaa, kujua lugha si hiari tena. Tangu mwishoni mwa mwaka 2010 mgeni atakaye kibali cha kukaa muda mrefu hutakiwa athibitishe kwamba anajua Kitaliana kwa daraja ya A2, yaani daraja ya pili katika sita. Viko vyuo vikuu viwili mashuhuri vilivyowekwa makhsusi kwa ajili ya wageni, kimoja Perugia na kimoja Siena, navyo hutoa mitihani inayokubaliwa.

Adabu ya ulimi

Sasa turudi kwa kijana wa ufukoni. Kosa lake si kujua Kitaliana, bali ni kukijua nusu. Wataliana wana namna mbili za kumsemesha mtu: *tu* kwa mtoto, rafiki na jamaa, na *Lei* kwa mkubwa, mgeni na mwenye cheo. Ajifunzaye barabarani hujua *tu* peke yake, na *ciao* humpa kila mtu, mzee na mtoto, kama vile mtu asemaye “mambo” kwa kadhi. Sisi tuliolelewa juu ya shikamoo na kubusu mkono wa mkubwa, imekuwaje tukaingia katika lugha ya watu tukaacha adabu nje? *Buongiorno* na *Lei* hazigharimu kitu, na mwenye kuzitumia huajiriwa, huaminiwa, na husikilizwa kwa heshima asiyoipata mpiga domo.

Na jambo la mwisho ni zito kuliko yote. Wale Waislamu wa Sicily hawakumalizwa kwa siku moja. Katika karne ya kumi na tatu Mfalme Frederick wa Pili aliwahamisha kwa maelfu akawaweka Lucera, katika nchi ya Puglia, na mwaka 1300 mji wao ukavunjwa, wengi wakauzwa utumwani. Waliokuwa wakisema Kiarabu wakatoweka, yakabaki majina ya matunda, ya mito na ya vyombo. Kwa karne nyingi habari zao zilikuwa chache mikononi mwa watu wa nchi, hata Michele Amari, Mtaliana wa Palermo, alipokimbilia Paris mwaka 1842 akiwa mtu mzima wa miaka thelathini na sita, akajifunza Kiarabu huko ugenini, akaandika historia yao katika majuzuu yaliyotoka baina ya mwaka 1854 na 1872. Mtu huyu hakuwa Mwislamu. Lakini alijua kwamba hataijua nchi yake bila ya lugha ya wale waliokaa ndani yake.

Katika kisa hiki pana mafunzo mawili. La kwanza, lugha ya wengine hutufungulia habari zetu wenyewe. La pili, lugha huweza kufa nyumbani wakati watu wakiwa hai. Ziko jamaa za pwani yetu ambazo watoto wao wameoa, wameolewa au wamehamia Italia, na wajukuu wamezaliwa huko. Mjukuu huyo akijua Kitaliana peke yake, bibi yake aliye Lamu au Unguja atamsikia katika simu na hatamfahamu. Atapata sauti ya damu yake bila ya maneno. Basi mama na baba walioko huko na wafanye kama wafanyavyo wenye busara: Kitaliana kiwe cha shule na cha soko, Kiswahili kiwe cha nyumba na cha chakula cha usiku, na Kiarabu cha Kurani kiwe na saa yake isiyoguswa. Mtoto haelemewi na lugha tatu ikiwa kila moja ina mahali pake.

Kwa walioko nyumbani, mpango wetu ni mwepesi. Kila siku maneno matano yaandikwe na kubandikwa juu ya kitu chenyewe, kabatini, mlangoni na katika mtungi. Kila juma upikwe mlo mmoja kwa amri za Kitaliana. Kila mwezi isomwe habari moja ya mji mmoja wa Italia, na watoto wautafute katika ramani. Na mwenye jirani Mtaliana amsemeshe kwa *Lei*, amkaribishe kahawa, na amwache amsahihishe shadda zake.

Mwaka mmoja ukipita kwa mwendo huu, nyumba itakuwa imepata lugha, na kijana aliyesimama mlangoni atakuwa ameingia ndani kwa salamu na adabu. Mwenyezi Mungu atujaalie elimu yenye manufaa, na azihifadhi ndimi za watoto wetu katika kila lugha watakayoisema. Amin.